Mwongozo Kamili: Kuandika Hadithi ya Kifantasia kutoka Simulizi za Waserbia

Rasimu za kifantasia zenye viumbe vya Kiserbia zinazonifikia mezani hufa karibu zote mahali pamoja. Mwandishi kasoma orodha ya viumbe, kachagua vampiri au vila (msichana wa ajabu wa milimani), kampa upanga na kumpeleka vitani. Kufika ukurasa wa tatu, kiumbe yule angeweza kuwa zimwi la nchi yoyote. Kilichobaki cha Kiserbia ni jina tu.

Kosa ni lile lile: kachukua kiumbe, kaacha sharti lake. Katika simulizi za Waserbia kiumbe hatembei bila sharti. Ana siku zake, mahali pake, kitu kinachomuudhi na mtu anayemdai. Ukilibeba sharti, hata jina ukilifuta hadithi itasimama. Mwongozo huu unakutoa kwenye daftari tupu hadi rasimu ya kwanza ya maneno elfu tatu hivi.

## Vifaa

Simulizi moja, nzima. Muhtasari haufai. Chanzo kikuu ni Vuk Karadžić (1787–1864), mkusanyaji wa nyimbo na ngano za Waserbia, aliyechapisha kitabu chake kidogo cha kwanza cha nyimbo za wananchi huko Vienna mwaka 1814, na ngano za kwanza mwaka 1821. Tafsiri za Kiingereza na Kijerumani zipo tele.

Kamusi yake, ya mwaka 1818 na toleo kubwa la 1852. Ndani yake neno moja hufafanuliwa kwa aya nzima ya imani za kijijini. Ukipata mtu wa kukusomea aya hizo, umepata dhahabu.

Sauti ya gusle. Ni ala ya waya mmoja wa manyoya ya mkia wa farasi, ambayo kuimba kwake kuliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2018. Sikiliza dakika kumi tu. Mwanzoni itakukera, usizime.

Kalenda ya Kanisa la Kiorthodoksi la Serbia. Krismasi yao huangukia 7 Januari ya kalenda yetu. Utaihitaji hatua ya tatu.

Daftari lenye safu tatu: sharti, anayelivunja, anayelipa.

Ramani ya ulimwengu wa kubuni, mfumo wa uchawi, majina ya falme saba: vyote hivyo weka kando.

## Hatua ya 1: Chagua simulizi moja na mtu wa kuisimulia

Soma simulizi yako kwa sauti mara tatu, halafu jiulize: nani ananiambia haya?

Swali hili lina uzito kwa sababu nyimbo hizi hazikutoka kinywa kimoja. Vuk aliandika kutoka kwa Tešan Podrugović, aliyekuwa hajduk, yaani mtu wa msituni aliyewakimbia watawala. Yeye hakujua kuimba; nyimbo alizisema tu, kama anayesoma kitabu. Mzee Milija alikuwa kinyume chake: alijua kuimba tu, na hakuanza bila kinywaji kikali. Vuk alimpata mjini Kragujevac mwaka 1822, na nyimbo nne pekee zilimgharimu zaidi ya wiki mbili. Filip Višnjić alikuwa kipofu. Nyimbo nzito za vita vya Kosovo, Vuk alizipata kupitia mwanamke kipofu wa kijiji cha Grgurevci, ambaye jina lake halisi halikuandikwa.

Sasa chagua. Hajduk husimulia haraka na kwa dhihaka. Kipofu husimulia kwa sauti na mguso, si kwa rangi. Mama wa maombolezo atakaa muda mrefu juu ya majeraha.

Onyo: usichanganye simulizi mbili kwa kuwa zote zimekupendeza. Vampiri, joka na vila katika hadithi moja fupi ni harusi ya wageni wasiojuana.

Umefaulu ukiwa na sentensi kama hii daftarini: "Hadithi inasimuliwa na mjane, miaka kumi baadaye, kwa mtoto wa nduguye."

## Hatua ya 2: Toa sharti

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa.

Chukua vampiri. Wengi wanamjua yule wa sinema: meno marefu, joho jeusi, anaungua juani, hana kivuli kwenye kioo. Futa vyote. Vampiri wa kijijini Serbia ni jirani yako aliyekufa. Amevimba, ni mwekundu kwa damu, na anatembea na sanda yake begani. Tena usimfananishe na mumiani wetu: mumiani ni mtu hai anayetafuta damu auze, vampiri ni maiti inayorudi kwake. Mara nyingi humrudia mkewe, na mtoto atakayezaliwa hapo, wanasema, hana mifupa. Wakati wa njaa huonekana kwenye vinu na maghala ya nafaka. Hupata uhai siku arobaini baada ya kufa, na kinachomtisha ni miiba ya mti uitwao glog.

Na sharti lake? Liko kwenye kamusi ya Vuk: mtu mwema hageuki vampiri, isipokuwa ndege au mnyama ameruka juu ya maiti yake.

Soma tena. Mtu mwema. Mnyama ameruka. Maana yake kuna mtu aliyepaswa kukesha na maiti, akasinzia. Hatia haiko kwa marehemu wala kwa paka. Iko kwa aliyelala.

Ukishaliona hilo, hadithi inajiandika. Tuseme kuna mjane, Stana. Mumewe, msaga nafaka aliyependwa na wote, amekufa Januari. Usiku wa mkesha chumbani walikuwa watatu: Stana, mamamkwe wake, na mtoto wa miaka tisa. Siku arobaini zinapita, watu wanaanza kufa. Kijiji kinauliza swali moja tu: usiku ule nani alikuwa macho? Hakuna upanga wala jeshi, na tayari umeshika pumzi ya msomaji. Msomaji wa Kiswahili, anayejua matanga na arobaini, hutahitaji kumweleza sana.

Fanya vivyo hivyo kwa vila. Ni wanawake vijana wenye nguo nyeupe nyepesi na nywele ndefu zilizoachiwa, wakaao milimani na kwenye miamba karibu na maji. Hawamdhuru mtu mpaka wameudhiwa: amekanyaga uwanja wao wa ngoma au chakula chao. Hapo hupigwa mshale, wa mguu, wa mkono au wa moyo. Katika wimbo mmoja, shujaa Marko Kraljević anapita mlima Miroč na nduguye wa kuapizana, Miloš. Vila Ravijojla amekataza kuimba mle. Miloš anaimba, na kosa lake halisi ni kwamba anaimba vizuri kuliko vila. Mshale wa koo, mshale wa moyo. Sharti: *usimzidi mwenye mlima ndani ya mlima wake.* Hilo unaweza kulihamishia hata kwenye ukumbi wa muziki wa leo.

Kali kuliko yote ni ule wimbo wa kujenga ngome ya Skadar (leo Shkodër, Albania). Ndugu watatu wanajenga na mafundi mia tatu. Kinachojengwa mchana, vila anakibomoa usiku. Mwisho anadai mmoja wa wake zao, yule atakayeleta chakula kesho, azibwe ukutani. Ndugu wanaapa kutowaambia wake zao. Wakubwa wawili wanavunja kiapo na kuwaonya. Mdogo, Gojko, anashika neno lake, na mkewe ndiye anayekuja na chakula. Ukuta unapanda, naye anadhani wanatania. Alipoelewa, aliomba matundu: mawili ya matiti amnyonyeshe mwanawe, na moja la macho aione nyumba yake.

Jaza safu zako. Sharti: usiseme. Aliyelivunja: ndugu wawili. Anayelipa: mke wa aliyelishika. Safu ya pili na ya tatu zikiwa na majina tofauti, simulizi yako ina moto. Zikiwa na jina moja, una hekaya ya kuonya watoto. Nayo ina nafasi yake, lakini si hapa.

Mazoezi ya mwisho: ile ngano fupi ya Nchi ya Giza. Mfalme na jeshi lake wanatembea gizani, chini kuna vijiwe. Sauti inasema: atakayeokota atajuta, asiyeokota atajuta. Walipotoka kwenye mwanga vijiwe vilikuwa almasi. Waliookota walijuta kwa kuokota vichache. Hapo sharti halina mlango wa kutokea. Jaribu kuandika aya kumi juu yake bila kuongeza kiumbe chochote.

Onyo: usitunge sharti jipya kwa kuwa la asili linakubana. Kule kubana ndiko kunakokupa hadithi.

Umefaulu ukiweza kumweleza mtu hadithi yako bila kutaja jina la kiumbe, naye akauliza, "Halafu?"

## Hatua ya 3: Weka saa na mahali

Viumbe hawa hawaji siku yoyote. Kati ya Krismasi na Epifania (sikukuu ya ubatizo wa Yesu), yaani 7 hadi 19 Januari, kuna siku ziitwazo "zisizobatizwa". Karakondžula hutembea usiku wa siku hizo, na kwenye imani nyingi humpanda mtu mgongoni. Waamuzi wa majaliwa, suđaje, hufika usiku wa tatu baada ya mtoto kuzaliwa. Vampiri, kwa maneno ya Vuk, huzidi toka Krismasi hadi Kupaa kwa Bwana.

Mahali nako kuna mantiki. Kwa nini kinu cha maji? Kwa sababu kipo mtoni, mbali na nyumba. Kinasaga usiku kucha, na anayesubiri unga wake analala pale peke yake. Vampiri maarufu kuliko wote wa Serbia, Sava Savanović, ni wa kinu cha kijiji cha Zarožje. Milovan Glišić alimwingiza kwenye fasihi mwaka 1880. Kinu kilipoporomoka mwaka 2012, habari zilizunguka dunia kwamba sasa Sava hana pa kulala.

Kwa hiyo usiandike "usiku mmoja". Andika usiku gani, baridi ya namna gani, nani alikuwa na zamu ya kusaga.

Umefaulu ikiwa kuhamisha tukio hadi Julai kunaivunja hadithi.

## Hatua ya 4: Amua zama

Una njia tatu. Zama za kati zinawavuta wengi, nazo ndizo ngumu kuliko zote kwa mgeni. Leo, kwenye maghorofa ya Novi Beograd, sehemu ya jiji la Belgrade, ni rahisi ukibadilisha mkesha wa nyumbani kuwa chumba cha maiti cha hospitali.

Njia ninayoipenda ni ya tatu: karne ya 18. Kati ya 1718 na 1739 kaskazini ya Serbia ilikuwa chini ya Austria. Mwaka 1725, kijiji cha Kisiljevo, alikufa mtu aitwaye Petar Blagojević. Kwa muda wa siku nane wakafa watu tisa, na waliokuwa wakikata roho walisema Petar ndiye aliyewakaba usingizini. Ofisa wa Kiaustria aliwaambia wanakijiji wasubiri kibali kutoka Belgrade. Wakakataa: kabla kibali hakijafika kijiji kitakuwa kimekwisha, bora wahame. Ofisa akaenda, kaburi likafunuliwa, maiti ikachomwa kigingi kisha ikateketezwa. Taarifa yake ilichapishwa kwenye gazeti la Vienna mwaka ule ule. Mwishoni aliandika kwamba kama kosa limetendeka, lawama ni za wanakijiji waliorukwa na akili kwa hofu, si zake.

Sauti hiyo ya mtumishi wa serikali anayejikinga unaijua. Umewahi kusubiri muhuri wake. Andika hadithi yako kama taarifa yake, na acha kilichomtisha kionekane pale anaporuka maelezo. Ni kwa njia ya taarifa kama hii, na nyingine ya kijiji cha Medveđa mwaka 1732, neno *vampir* lilivyoingia lugha za Ulaya Magharibi.

## Hatua ya 5: Tia mdundo

Wimbo wa kishujaa wa Waserbia una mizani kumi kwa mshororo, na pumziko baada ya mizani ya nne: nne, kisha sita. Kwa aliyelelewa na shairi la nane-nane, hili ni jambo la sikio tu. Tofauti kubwa ni vina: kwa kawaida havipo. Usivitie. Ukitia vina, umeshaandika shairi la pwani.

Mbinu ya pili ni swali, kanusho, jibu. Mghani anauliza kinachoonekana, anakanusha alichouliza, ndipo anasema ukweli. Kwa Stana wetu:

Nani huyo / avukaye mto?
Je, ni mwezi / au ni ukungu?
Si mwezi, la, / wala si ukungu,
ni mjane / arudi kinuni.

Mishororo minne hivi, mara mbili tu katika hadithi nzima, inatosha. Iweke pale msimulizi anaposhindwa kusema jambo waziwazi. Rasimu moja iliyonijia ilikuwa na beti ishirini. Nilizipenda, na nikamwomba mwandishi azitoe zote isipokuwa mbili.

## Hatua ya 6: Epuka maneno mitego

Hii haimo kwenye miongozo ya Wazungu kwa kuwa haiwahusu.

Wingi wa *vila* kwa Kiserbia ni *vile*. Msomaji wetu atasoma "kama vile". Baki na vila kote: vila mmoja, vila watatu.

*Baba* kwa Kiserbia ni bibi kizee. Baba Roga, wa kutishia watoto wasiolala, ni mwanamke. Nimeshaona akiandikwa na ndevu.

*Ala* ni jitu la mvua ya mawe linalokula mavuno, hata jua na mwezi. Kwetu ni ya kisu au ya muziki. Andika "jitu la mvua ya mawe" na jina ulitaje mara moja.

*Kum* ni mdhamini wa ubatizo au wa ndoa, na uhusiano huo ni mzito kuliko udugu mwingi wa damu. Umbo lake la kike usiliandike kabisa. Aliyejua ameshacheka, asiyejua aongeze *a* mwishoni, kimoyomoyo.

*Zmaj* na *aždaja* wote tungewaita joka, lakini ni maadui. Zmaj hulinda mashamba, hupenda wanawake wa watu, na mashujaa huitwa wanawe. Aždaja ni mharibifu. Hapa weka neno la Kiserbia mapema, kisha lirudie bila kulieleza tena.

Kwa ukoo, tumia mali yako. *Zaova* ni wifi, *svekrva* ni mamamkwe, *dever* ni shemeji. *Pobratim* yuko karibu na ndugu wa kuchanjiana, ila mara nyingi kinachowafunga ni kiapo kwa Mungu na Mtakatifu Yohana.

Kuhusu matamshi: č na ć zisome kama ch, š kama sh, j kama y, c kama ts, nj kama ny. Farasi wa Marko, Šarac, ni "Sharats". Maneno ya Kiserbia yasizidi matano, ukiacha majina ya watu.

## Hatua ya 7: Pita Kosovo kwa uangalifu

Ukichagua nyimbo za vita vya Kosovo vya 1389, jua kwamba miaka ya 1990 wanasiasa walizitumia kuchochea watu wauane. Pia ufundi wa gusle si wa Waserbia peke yao. Wabosnia, Wakroati na Wamontenegro wanaimba. Waghani Waislamu walikuwa miongoni mwa mabingwa wake, na Avdo Međedović wa Bijelo Polje alirekodiwa mwaka 1935 akiimba utenzi wa mishororo zaidi ya elfu kumi na mbili.

Katika nyimbo nyingi adui huitwa "Mturuki". Usimgeuze jini. Simulizi zenyewe hazikuwa nyepesi hivyo: Marko, shujaa anayependwa kuliko wote, alikuwa chini ya Sultani, na Marko wa historia alikufa mwaka 1395 huko Rovine akipigana upande wa Waothmani. Shujaa anayemtumikia anayemchukia: hilo lina hadithi kumi ndani yake.

Umefaulu ikiwa msomaji Mserbia na msomaji Mbosnia wote wawili wangeweza kuisoma hadi mwisho.

## Hatua ya 8: Jaribio la mkekani

Maliza rasimu, iache siku tatu. Halafu msomee kwa sauti mtu asiyejua lolote kuhusu Serbia. Usimpe utangulizi wala orodha ya maneno.

Akikuuliza "Vila ni nini?", rudi hatua ya pili: umemtaja kiumbe kabla ya sharti lake. Akisinzia penye vita, futa vita. Akiuliza "Kwani hii ni nchi gani?", rudi hatua ya tatu, ongeza baridi, moshi na sauti ya kinu. Na kama, kabla hujageuza ukurasa wa pili, amekukatiza kwa kuuliza, "Sasa yule paka alikuwa wa nani?", usimjibu. Geuza ukurasa, endelea kusoma.